Mkwe Akivaa Helmeti

Kabla ya harusi, kila dereva wa pikipiki ya mashindano aliporudi kwenye kibanda cha mafundi alianza kulalamika hata injini haijazimwa.

"We mzee, hii pikipiki au kitanda? Nyuma inadunda, mbele inaniuliza tunaenda wapi."

Na fundi, ambaye uwanja mzima ulimwita Mzee Springi, alimjibu kwa lugha hiyohiyo: pikipiki haina kosa, kosa ni la huyo aliyekaa juu yake kama gunia la mkaa. Wakishatupiana maneno, Mzee Springi alichukua spana, akakaza hapa, akalegeza pale, na pikipiki ikaenda. Misimu yote waliyofanya kazi pamoja ilikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kununa.

Kisha dereva akamwoa binti wa Mzee Springi.

Mzee Springi hakuanzia kwenye pikipiki. Ujanani alikuwa fundi wa makochi, na huko ndiko alikojifunza kwamba springi haifungwi kwa ajili ya kochi, inafungwa kwa ajili ya mtu atakayelikalia. Tabia hiyo haikumtoka. Mpaka leo akikaribishwa nyumba ya watu hakai moja kwa moja; hukibonyeza kiti kwa kiganja kwanza, akasikiliza, ndipo akakaa, huku mkewe akitazama ukutani kwa aibu. Kutoka makochi alihamia shokapu za pikipiki za mizigo, na kutoka hapo akaja kwenye pikipiki za mashindano. Mpaka mchumba wa binti yake alipokuja kujitambulisha, mzee alikuwa anajua uzito wa kijana yule na namna anavyolala kwenye kona kuliko alivyomjua mtu yeyote wa ukoo wake.

Ndiyo maana majaribio ya kabla ya msimu, yale ya kwanza tangu harusi, yalimshangaza. Pikipiki ilikuwa nzito. Haikuwa na kelele mbaya wala moshi, ila muda wa kila mzunguko ulikuwa mbaya kuliko wa mwaka jana. Binti, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupima watoto wachanga kliniki, alikuwa amechukua ruhusa aje kushika saa ya kupimia muda, naye kila mara aliionyesha saa ile bila kusema kitu, kama mtu anayeonyesha matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani.

"Vipi, mwanangu?" Mzee Springi aliuliza.

Dereva alivua helmeti kwanza, akaishika kifuani kwa mikono miwili. "Iko sawa tu, baba."

"Ile kona ndefu?"

"Nzuri, baba. Nashukuru."

Mzee Springi alimtazama. Tangu aanze kazi hii hajasikia mtu akishukuru kona.

Basi akafanya kazi kama daktari wa mgonjwa ambaye kila akibonyezwa anasema hapaumi. Akapunguza upepo wa matairi, akaurudisha. Akabadilisha sproketi ya nyuma, ile gia inayoshika mnyororo. Akalegeza shokapu za mbele, akazikaza. Muda ukazidi kuwa mbaya, na dereva akazidi kushukuru. Shokapu ya nyuma hakuigusa, maana mwaka jana aliifunga mwenyewe na ikakubali. Pikipiki ni ileile, alijiambia, na dereva ni yuleyule. Kumpima dereva akiwa juu ya pikipiki, kama ilivyo desturi kila msimu unapoanza, hakukufanya safari hii. Kazi ile inataka fundi apige magoti nyuma ya dereva, futi mkononi na macho kwenye makalio ya mtu, na huyu sasa ni mkwe.

Jioni Mama Vipuri alipita. Alikuwa na duka kubwa la vipuri, na pikipiki ilikuwa yake. Aliitazama saa ya binti, akasonya taratibu.

"Sina ugomvi na mtu," alisema. "Nina pikipiki moja tu. Kesho yakiisha majaribio bila kuushinda muda wa mwaka jana, anapanda kijana mwingine. Nimeshazungumza naye."

Dereva akasema, "Sawa, mama." Kila kitu kwake kilikuwa sawa.

Asubuhi, kabla dereva hajamaliza kuvaa, binti alimfuata baba yake kwenye sanduku la vifaa.

"Baba, mkweo huyo..."

"Mumeo wewe."

"Wetu sote. Jana ameniongelea shokapu mpaka nikasinzia. Kwani fundi ni mimi?"

"Amesemaje?"

"Sibebi maneno. Nikiyabeba vibaya akaanguka, mtasema niliyamwaga njiani. Mficha maradhi kilio humfichua. Ongeeni wenyewe."

Mzee Springi aliiwaza kauli hiyo dereva alipokuwa akizunguka uwanja. Kama nyumbani anasema, basi mdomo upo, ila unafungwa mahali fulani njiani. Pikipiki ikarudi. Dereva akasimama, akapeleka mikono kidevuni kufungua mkanda wa helmeti, na hapo mzee akaona. Zamani kijana huyu hakuwa akivua. Matusi yote yale yalitokea humo ndani.

"Usivue," alisema.

Mikono ikasimama.

"Mkwe wangu namjua, nimempokea sebuleni kwangu na heshima zake zote. Huyu aliyevaa helmeti simjui. Wewe ni nani?"

"Baba, mimi ni..."

"Baba yako nani? Mimi fundi."

Kioo cha helmeti kilibaki kimefungwa. Mzee akaona ukungu wa pumzi ukija na kupotea juu yake. Kisha sauti ikatoka, ndogo, kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"We mzee... hii pikipiki nyuma inakaa kama kuku anayetaga."

Binti akaziba mdomo.

"Endelea," alisema Mzee Springi.

"Nikiingia kona ndefu ni sawa. Nikifungua moto kutoka, nyuma inazama, mbele inaelea, naikunja haikunjiki, inanipeleka nje mpaka kwenye majani. Tangu jana. Na wewe umenishughulikia mbele tu, sijui mbele imekukosea nini."

Mzee Springi alihisi furaha ambayo hakuisikia hata siku ya harusi. Alichukua futi. "Panda. Kaa unavyokaa." Binti akashika usukani, mzee akapiga magoti, akapima. Akapima tena. Nyuma ilikuwa inazama vidole viwili zaidi ya mwaka jana. Springi ilikuwa ileile, haina ufa. Akainua macho, akaona zipu ya suti ya ngozi ya dereva imeishia tumboni, haitaki kupanda. Akamtazama binti. Binti akatazama mawingu.

Sasa zamu ya kukosa maneno ikawa yake. Kumwambia mkwe kwamba amenenepa ni kumhesabia vijiko, tena vijiko vya mwanao mwenyewe. Mzee alisimama, akaenda kwenye rafu, akachukua helmeti ya akiba, akajisukumiza ndani yake mpaka masikio yakauma. Akashusha kioo.

"Umenenepa."

"Nani?" iliuliza helmeti ya dereva.

"Wewe, gunia. Mwaka jana nilifunga springi ya mtu mmoja. Mwaka huu mmekuja mtu na nusu."

"Ni binti yako. Nikimaliza sahani anaongeza. Nikikataa ananiuliza kama cha mama yangu ndicho kitamu."

"Najua," helmeti ya mzee ilisema kwa huzuni. "Mimi kabla sijaoa nilikuwa naitwa Sindano."

"Nawasikia wote wawili," alisema binti. "Na mimi sina helmeti, kwa hiyo nitakumbuka."

Mama Vipuri alipoingia kibandani alikuta wanaume wawili wenye helmeti wametazamana, na pikipiki imezimwa.

"Hapa kuna nini?"

"Kikao cha familia," alisema binti.

Mzee Springi alishafungua sanduku. Alichagua springi ngumu zaidi, akaifunga, akampandisha dereva, akapima, akakaza kidogo, akapima tena, mpaka vidole viwili vikarudi mahali pake. Mbele akarudisha kila alichokuwa amekichokonoa jana.

Mzunguko wa kwanza dereva alikwenda kwa tahadhari, kama mtu anayekalia kiti kilichokwisha kumwangusha. Wa pili, sauti ya injini haikukatika tena kwenye kona ndefu. Mzee alifumba macho kusikiliza. Zamu iliyofuata binti hakuionyesha saa kimya. Alimpa Mama Vipuri mkononi. Mama Vipuri aliisoma, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena. Muda wa mwaka jana ulikuwa umepitwa.

"Yule kijana mwingine," alisema, "nitamwambia aendelee kusubiri." Akampa binti saa yake. "Na wewe usimwongezee sahani mpaka msimu uishe. Sina springi ngumu kuliko hiyo dukani."

Dereva akarudi, akazima injini, akapeleka mikono kwenye mkanda. Halafu akaikumbuka kazi yake, akaiacha mikono ishuke.

"We mzee. Sasa mbele imekuwa ngumu kidogo."

"Kaa vizuri basi," alisema Mzee Springi, na tayari spana ilikuwa mkononi.

Ndipo dereva akavua helmeti, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"