Redio ya Mshona Kola
Masikio ya yule mama, mshona kola kiwandani, yalitoka usaha miaka nenda rudi. Nyumbani redio ilinguruma mpaka jirani akaja kugonga mlango.

"Mama, tupunguzie kidogo."

Tangu afiwe na mumewe, hakuna mwingine aliyeugonga.

Mwaka huu daktari alitoa utando mwembamba nyuma ya masikio, akaziba nao matundu ya ngoma za masikio hayo, moja baada ya jingine. Usaha ukakauka. Sasa anasikia hata uzi ukikatika, na redio inanong'ona tu.

"Hongera mama, siku hizi tunapumzika," jirani humwambia ngazini, kisha huyo, anakwenda zake.

Jana jioni mama alibandika chai ya watu wawili, akafungulia redio mpaka mwisho, akaketi kuelekea mlango.