Uchungu Niliowatangazia Wote

Mimba ya binti yangu wa kwanza niliibeba kimya, kama mama alivyonifunza nyumbani Maposeni: jifunge khanga mbili, ukiulizwa sema umenenepa. Ya pili ilinikuta mjini, mtaa wa Msamala. Miaka ile mitumba ilikuwa imeruhusiwa, nami nilikuwa naiuza barazani kwangu na kujiona mwanamke wa mjini hasa. Nikaamua safari hii hakuna kuficha.

Kila nikitoka kliniki nilituma habari pande mbili. Kwa mama zilikwenda na wanawake waliokuja sokoni na mahindi. Kwa mama mkwe, Namtumbo, zilikwenda na kondakta wa basi, mtu mzima mwenye aibu zake, aliyenisikiliza huku akitazama matairi. Mtoto ameanza kucheza. Miguu imevimba. Kiungulia kimezidi. Mume wangu, fundi wa magari, aliniuliza kama kweli mama yake alihitaji kujua habari za kiungulia changu. Nikamjibu kwamba hajui mambo ya familia.

Mwezi wa tisa wa mimba ulipoingia, asubuhi moja nikashikwa na tumbo la kukata. Sikungoja hata liachie. Nilimtuma jirani mmoja stendi na mwingine sokoni wakaseme uchungu umeanza, kisha nikaenda hospitali nimeshika kiuno, nikiwaaga wapangaji wenzangu mmoja mmoja kama ninayekwenda ng'ambo.

Nesi alinipima, akauliza jana nilikula nini. Nikasema kande za maharage, kidogo tu. Mume wangu, aliyesimama mlangoni, akasema sufuria nzima.

"Mama, hii ni gesi," nesi akasema. "Rudi nyumbani."

Nilirudi kwa njia za nyuma, nisionekane. Haikusaidia. Hadi jioni uani walikuwa wamejaa: mama na kuku wake, mawifi, na mama mkwe aliyeshuka na ulezi wa uji wa mzazi. Nikapiga magoti kumwamkia. Aliitikia shikamoo yangu, akalitazama tumbo.

"Mtoto yuko wapi?"

Nikatafuta maneno ya heshima ya kumweleza mama mkwe habari za gesi, na Kiswahili chote nilichosoma kikaniishia. Wifi mmoja akatoka nje akichekea ndani ya khanga yake. Kuku alichinjwa hivyo hivyo, maana wageni lazima wale.

Kesho yake wakarudi makwao, palizi ilikuwa inawangoja. Mama mkwe peke yake alibaki. Alisema hana nguvu ya kuja mara mbili. Mimi nikaapa kutosema tena lolote juu ya tumbo langu.

Siku chache baadaye, nikiwa namjaribisha mteja koti, maumivu yakanishika mgongoni. Nikashika nguzo, nikaendelea kusifia kitambaa. Yakaachia, yakarudi. Nikajiambia ni maharage, ingawa tangu ile aibu sikuwa nimeyagusa. Mama mkwe alikuwa akipepeta ulezi. Akaweka ungo chini, akaja kunishika mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, mama. Sikutaka kuwasumbua."

"Umetusumbua mimba nzima na kiungulia," akasema. "Leo ndiyo umeona haya?"

Alimvua mteja lile koti, akamwomba aende. Akamwita mwanawe, naye akaja na pikapu ya mtu iliyokuwa inangoja matengenezo. Njiani nikamwambia mama mkwe naogopa. Mkono wangu hakuuachia mpaka leba. Mwanangu wa kiume alizaliwa hata kabla baba yake hajapata mahali pa kuegesha.

Tulituma habari Maposeni. Zilimkuta mama shambani. Akauliza nimekula nini, akaendelea kupalilia. Alikuja Jumapili baada ya misa, mikono mitupu, akiwa na nia ya kunisema. Akanikuta mkekani nanyonyesha. Akaketi, akampokea mtoto na kumfunua uso.

"Kumbe kweli," akasema, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Nikaanza kumsimulia yote, uchungu mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa bado sijafika kwenye pikapu mama mkwe alipoleta uji, akaniambia ninyamaze ninywe.