Vyombo Vyangu Viliposhuka Ngazi

Jirani yangu Bi Mwanamwema anasema nimeachwa.

Anaapa kabisa. "Wallahi kaachwa! Vyombo vimeshuka kwa macho yangu, mnataka shahidi gani tena?"

Hapa mtaani kwetu Malindi vyombo vya mwanamke vikitoka nje, watu hawaulizi. Na vyombo si sufuria na sahani tu. Kitanda chombo, godoro chombo, kabati chombo. Vyote vya nyumba yake.

Sasa nisikilizeni mimi.

Nna darasa la saba tu, lakini macho ninayo. Ukuta wetu wa ghorofani ulikuwa na ufa. Kila asubuhi nikibandika kipande cha karatasi juu yake, kwa uji wa ngano, nijue kama unapanuka.

Siku tatu karatasi nzima.

Siku ya nne imechanika. Nikabandika nyingine. Sijamaliza kuosha vikombe, nayo imechanika.

Nikampigia mume wangu Himid, yuko kazini Mkokotoni.

"Usingoje," akasema. "Nnakuja."

Nikaita mahamali waanze kushusha vyombo, mwenyewe nikateremka kwa Bi Mwanamwema. Akikaa chini yetu, peke yake.

"Shikamoo bibi. Toka, nyumba inaanguka."

"Marahaba. Kaijenga babu yangu hii. Uachwe wewe, nihame mie?"

Akafunga mlango.

Mahamali wakashusha kitanda, chokaa inatumwagikia vichwani. Nikabisha tena kwake, nikamsikia anatia komeo.

Kabati likafika njiani. Wanawake washajaa kwenye baraza za ng'ambo, wanachungulia.

Juu, boriti ikalia.

Nikapiga ukelele mtaa mzima usikie: "Ndiyo, nimeachwa! Na kabati la Himid nnalichukua!"

Mlango ukafunguka hapo hapo.

"Mwizi! Kabati hilo nimeliona likiingia, kalinunua Himid!"

"Njoo ulitazame vizuri, bibi."

Nikawaashiria mahamali walisogeze. Hatua kumi. Ishirini. Bibi nyuma, anaburura kanga, anatukana.

Tukafika pembeni. Ndipo nyumba ikashuka yote.

Vumbi lilipotulia, hakuna aliyekufa. Himid alifika, akanikumbatia mbele ya watu. Lakini neno likishatoka halirudi. Hadi leo sokoni naitwa mtalaka.

Ukiona vyombo vya mwenzio nje, kabla hujacheka, inua kichwa utazame dari yako.

Bi Mwanamwema hakutoa hata kijiko. Sasa anakaa nasi, anapikia sufuria zangu.

Jana nikamwomba: "Bibi, waambie watu sikuachwa."

Akaendelea kukoroga mchuzi.