Nilivyomtafuta Munu

Harufu ya unga wa mtama uliochacha, ule wa kupikia mkate mwembamba wa kisra, hunirudisha kwenye ua wa bibi yangu pale Juba, Sudan Kusini, mtaa wa Juba Na Bari. Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumefika asubuhi hiyo kutoka Kenya nilikozaliwa, mimi na mama tu. Baba alikuwa ameshafariki. Tulimkuta bibi, mamake baba, amelala. Mama akaniambia nimngoje aamke, akaenda soko la Custom kutafuta godoro.

Bibi alipoamka alinipapasa kichwa, maana macho yalikuwa hayaoni tena, akauliza, "Ita munu?"

Mimi nilijua Kiswahili na Kiingereza cha shule. Nikaelewa anataka nimwite mtu anayeitwa Munu. Nikatoka mbio, nikapita kila kichochoro nikipaza sauti: Munu! Munu! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwishowe mama mmoja Mganda, muuza ndizi, akanishika mkono huku akijikaza asicheke, akaniuliza bibi alisemaje, nikamtajia.

"Munu si mtu," akasema. "Bibi iko nauliza wewe ni nani."

Kumbe nilikuwa nimezunguka mtaa mzima nikiita nani, nani. Chekeni tu, hata mimi siku ile nilicheka.

Nikarudi na jibu langu. "Mercy," nikasema, kwani ndilo jina nililoitwa shuleni na nyumbani. Kiden, jina alilonichagulia bibi nilipozaliwa, mama alilitumia akiwa na hasira tu. Bibi akauondoa mkono kichwani pangu. Katika maneno aliyosema nilishika moja, Kiden. Nikamwambia ndiye mimi, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Hakunielewa. Jioni mama alimweleza yote kwa Kiarabu cha Juba, naye akaitikia kwa upole, jinsi mtu anavyomwitikia mgeni.

Tangu hapo, kila asubuhi nilipompelekea chai, alinishukuru halafu akauliza kama Kiden ameshafika. Iliniuma sana. Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Siku hizi Kiarabu hicho nakimudu. Nikiulizwa ita munu, najibu Kiden bila kusita, na watu wanaridhika. Mimi siridhiki. Zamani nilijifariji kwamba bibi alichanganyikiwa kwa uzee. Hakuchanganyikiwa; aliyefika alikuwa Mercy. Alikufa akimngoja Kiden, na Kiden mpaka leo hajafika.