Baba Alizikwa Akiwa Ziwani

Baba yangu alizikwa mara ya kwanza akiwa mzima wa afya, yuko ng'ambo ya ziwa, anapaka grisi injini ya meli. Sitanii.

Alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo ya tajiri mmoja wa Kigoma. Hakuwa kapteni. Kazi yake ilikuwa huko chini kwenye injini, kwenye joto na harufu ya dizeli. Vita ya Kongo ilipopamba moto, meli ile ikawa inapeleka unga na kurudi na watu: wakimbizi, majeruhi, na wakati mwingine maiti, maana kuna mama hakubali kumwacha mwanawe ng'ambo. Kati ya mabaharia wale hakuna aliyevaa gwanda wala kushika bunduki. Safari moja, watu wenye silaha wakaiteka meli na kuwalazimisha wawavushe wao na risasi zao, mwambao huu hadi mwambao ule, miezi na miezi. Sisi nyumbani Kitanga tukaletewa habari kwamba meli imezama na wote wamekufa.

Kwenye ukoo wetu, mtu akipotelea majini haachwi hivihivi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavishwa nguo zake, ukaviringishwa shuka na kuzikwa. Watu wanalia, wananyoa nywele, msiba unafungwa. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyesimamia. Mimi nilikuwa binti mdogo, nililia hadi nikatapika. Mama naye alilia kama alivyoagizwa, akanyolewa, akaambiwa sasa ni mjane.

Masika yaliyofuata baba akarudi, miguu imevimba, ana kovu shingoni. Mawe, mama yangu wee! Watu walitimua mbio. Baba mkubwa hakumpa hata mkono. Baba aliingizwa ndani kwa mlango wa uani, kwa kuwa mtu akishaliliwa, kwa wakubwa wa ukoo, harudi kuwa mtu kamili. Kwenye vikao hakuwa na neno tena. Majirani wakawa wanamtania kwa salamu yetu ya asubuhi: "Marehemu, mwakeye?" Naye anawajibu: "Mwakeye. Huku ahera mvua imezidi, kwenu je?" Wanacheka, na yeye anacheka. Mimi sikucheka. Nilitamani niwapige mawe, na hadi leo sijutii tamaa hiyo.

Alipozeeka alibaki na ombi moja tu: siku akifa, aliliwe msiba wake kama mtu. Alimwomba kaka yake kwa heshima zote, amepiga magoti, mzee mzima. Baba mkubwa akasema, "Mtu haliliwi mara mbili. Machozi ya pili yanamwita mwingine." Basi. Hakuna rufaa kwenye ukoo.

Mimi ni mwalimu Kibondo, na hasira zangu ziko karibu. Nikajiambia, serikali ikimheshimu baba mbele ya watu, ukoo utaona haya. Ilipokaribia Siku ya Mashujaa nikaomba ruhusa, nikampeleka baba ofisini Kasulu, tuombe naye akae jukwaani na wazee waliopigana vita. Ofisa aliyetupokea si mtu wa huku, amehamishiwa tu, na sina ubaya naye. Alimwamkia baba shikamoo, akampa kiti. Kisha akasema, "Mzee wangu, siku hii ni ya wanajeshi. Na vita ile, samahani, haikuwa yetu."

Baba akamuuliza, "Na watu niliowavusha walikuwa wa nani?"

Yule kijana akainamia simu yake. Nikamtolea maneno ambayo mama angeyasikia angenifinya. Baba akanivuta mkono wa blauzi: "Twende, mwalimu. Usimgombeze mtoto wa watu." Njiani nilikuwa nalia kwa hasira tu.

Mahali pekee alipoheshimiwa palikuwa Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi. Wakongomani walimwita Papa wa Bato, yaani baba wa meli. Kanisani kwao alikuwa na kiti cha mbele, na bibi mmoja alikuwa akimshika mikono yote miwili na kuwaambia wajukuu zake, "Huyu papa ndiye alitupitisha." Akitoka huko alikuwa anatembea vingine.

Amekufa mwaka huu, kiangazi, mchana kweupe, amejilaza uani. Nilipofika kutoka Kibondo sikusikia kilio. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi kimya kimya. Amri ya baba mkubwa ilikuwa moja: azikwe, watu watawanyike, pasiwe na chozi wala matanga. Wa Nyarugusu hawakupata kibali cha kutoka kambini. Kaburi likafukuliwa lile lile la zamani. Ndani kulikuwa na udongo mweusi na kipande cha shati.

Wakamshusha. Nikafungua kinywa nilie, shangazi akaniziba mdomo kwa khanga. "Utatuua wewe!" Nikamuuma kidole.

Hapo ndipo mama aliposimama. Mama yangu si msemaji, maisha yake yote amewaitikia wakubwa wa mumewe. "Shemeji," alimwambia baba mkubwa, "uliniambia nilie, nikalia. Nililia mgomba. Mume wangu sijamlilia."

"Nyamaza! Utaita kifo."

"Kije. Kinikute mimi, nipo hapa."

Akaweka mikono kichwani akapiga ukunga. Baba mkubwa akageuka, akaondoka. Wanaume wakamfuata, shangazi pia, na wanawake na sufuria zao, hadi uwanja wote ukawa mtupu. Kaburi waliliacha wazi, hata nusu halijafukiwa. Nikavua viatu, nikaokota jembe. Mama alilia amekaa chini, mimi nililia huku nafukia.