Sato wa Kisesa

Mwaka ule nilipopasuliwa tumbo Mwanza, nikalazwa wiki nyingi sijui nitapona au nitakufa, kaka yangu mkubwa anayeishi Dar hakuja. Simsingizii, mwenyewe anajua. Kila akipigiwa simu alijibu, "Dar ni mbali, dada." Mimi niliishia darasa la nne, basi nikaamini ni mbali.

Nilipopata nafuu, binti yangu akanikatia tiketi ya ndege nikamsalimie mjomba wake. Asubuhi nikakaanga sato nyumbani Kisesa, nikamfungia kwenye hotipoti. Pale uwanjani askari akauliza, "Mama, humo kuna nini?"

"Kuna ushahidi," nikamwambia. Akafunua, akacheka, akanipitisha.

Ndege ikapaa juu ya ziwa. Soda waliyonipa sijaimaliza, nasikia tufunge mikanda, tunatua. Saa moja na nusu tu, jamani. Foleni ya kutoka uwanjani hadi kwa kaka ndiyo iliyonichosha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeingia lini mjini?"

"Sasa hivi. Fungua hiyo."

Akafungua, mvuke ukampiga usoni. "Umemkaangia wapi huyu?"

"Kisesa, leo asubuhi."

Akamtazama yule samaki kama vile anamdai jibu. Nikamsogezea ugali. "Kula, kaka. Huyo ametoka mbali."

Alikula akiwa ameinamisha kichwa mpaka ikabaki miiba, ndipo akasema, "Dada, nilikukosea." Nilicheka mpaka mshono ukauma.