Tereza Aliyekataa Kuhojiwa

Wanafunzi wa vyuo huingia Ipinda mvua zikishapungua, kama kumbikumbi, na kama kumbikumbi hawakai. Wanakuja na mabegi mgongoni, barua yenye mhuri, na dodoso lenye maswali ambayo mtu hawezi kumuuliza hata dada yake wa tumbo moja. Mwaka huu wanataka kujua kwa nini wasichana wanaacha shule. Mwaka ujao, kwa nini akina mama wanajifungulia nyumbani. Mwaka mwingine, kwa nini biashara za wanawake zinakufa zingali changa. Wanauliza, wanaandika, wanashukuru kwa ushirikiano, wanapanda gari. Wasichana wanaendelea kuacha shule.

Tereza, muuza mchele wa soko la Ipinda, alihojiwa mara moja tu maishani mwake, na ilimtosha. Alikuwa bado kijana, ndiyo kwanza amemzika mtoto wake wa pili, aliyefia njiani wakimvusha maji ya mafuriko kumpeleka zahanati. Akaja binti mmoja wa chuo, mzuri wa sura na wa maneno, akaketi naye jikoni, akamuuliza mtoto alianza kuumwa lini, kwa nini walichelewa, na nani aliyeamua waondoke. Tereza alieleza yote. Alilia mpaka khanga ikalowa. Yule binti alisubiri amalize kulia, akageuza karatasi, akauliza kama nyumba ina choo cha kudumu. Alipoaga akaacha mche wa sabuni. Tereza aliitumia sabuni ile mpaka ikaisha, na kila alipoishika aliona ameuza kilio cha mwanawe kwa bei ya kufulia nguo. Akaapa kwamba ya nyumbani kwake hayatakwenda tena chuoni.

Alikuwa mzaliwa wa Makwale, ameolewa na Ambwene, mkulima wa mpunga asiyependa soko wala watu wa soko. Kazi waligawana vizuri: mume alikaa na tope, mke akakaa na mizani. Mpunga wao Tereza aliuanika mwenyewe kwenye turubai, akausimamia mashineni usije ukakobolewa pamoja na wa mtu mwingine, kisha akaupepeta mpaka chenga zote zikatoka. Wenzake walimtania kwamba anautunza mchele utadhani ni bwana harusi. Naye alicheka nao. Lakini siku akiupika, jirani wa nyumba ya tatu alijua bila kuambiwa.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Zubery. Zubery alikuwa na duka la jumla Bondeni, pale Kyela mjini. Ukoo wake ulitoka pwani; alikuwa mtu wa swala tano, mwenye kuongea polepole, na mwenye kusamehe kila kitu isipokuwa kudanganywa. Alikuwa na wateja Dar es Salaam waliotaka mchele wa Kyela ulio wa Kyela kweli, na kila wiki alichukua mzigo wa Tereza bila kufungua gunia. Kwa muuza mchele hiyo ni heshima kubwa kuliko kiti cha mbele kanisani. Nyumba ya matofali ya kuchoma ilitokana na Zubery, na Lugano, mtoto wao wa mwisho, alikuwa shule ya bweni kwa sababu ya Zubery. Wateja wengine wote walikuwa wa kununua cha mlo wa jioni. Ukimwondoa Zubery, Tereza anabaki na meza na mizani.

Mwanafunzi aliyekuja safari ile aliitwa Bryson. Alikuwa na adabu, na hilo lazima lisemwe, maana ingekuwa rahisi zaidi kumchukia kama angekuwa hana. Alikuwa anatafiti matatizo ya wanawake wanaouza chakula, na afya za wanaokila. Alipita meza hadi meza, shikamoo mama, shikamoo mama, akashukuru kwa “ndaga fijo” ya Kinyakyusa yenye lafudhi ya kwao, na soko zima likampenda. Tereza alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hapana. Akamwambia pia akae ale, kwa kuwa mtoto wa watu alikuwa amekonda. Bryson alikula wali wa Tereza karibu muda wote wa fildi yake, na hakumuuliza tena swali hata moja. Tereza alimheshimu kwa hilo.

Walioongea ni wengine, na aliyeongea kuliko wote ni Abigail, mwenye meza iliyopakana na ya Tereza. Abigail alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, mcheshi, mdomo wake haulali. Tereza akienda msibani, Abigail alimuuzia mchele wake na kumkabidhi kila kitu bila kupunguza. Abigail akikosa cha kupika, Tereza alimpimia. Waliitana dada, na si kwa mazoea tu.

Sasa ikawa chuo cha Bryson kimechoka kulaumiwa kwamba wanafunzi wanachota maneno ya watu na kutokomea nayo. Wakaagizwa warudishe matokeo kwa wananchi. Bryson akarudi na nakala za ripoti yake, akaisoma mbele ya watu ofisini kwa kata. Tereza hakuwapo, alikuwa mashineni anausimamia mpunga wake. Bryson alianza kwa kueleza kwamba majina yote yaliyomo si ya kweli, ameyabadilisha ili kulinda siri za waliozungumza. Watu wakaitikia kwa vichwa kama wanavyoitikia kila kitu kinachosemwa mwanzo wa mkutano. Kisha akasoma, akafika mahali palipoandikwa hivi:

“Mchele mkuukuu ulioanza kuvunda tunauokota kwa bei ya kutupa. Tunauchanganya na mpya, tunaupaka mafuta ya kula kidogo ili ung’ae. Tangu marehemu aniachie watoto, ningewalisha nini? Mtu akiumwa tumbo atasema ni maji.” Tereza, muuza mchele.

Halafu mtu mmoja akaupiga picha ukurasa huo kwa simu. Ukurasa huo tu. Ule wa mbele, unaosema majina si ya kweli, haukuwa na utamu. Kabla jua halijazama picha ilikuwa imepita kwenye kundi la wafanyabiashara, kundi la wazazi wa shule na kundi la kwaya, na ilikuwa imefika Bondeni.

Hapa ndipo mtu anaweza kuwakasirikia watu mpaka akakosa usingizi. Ambwene alikuwa mzima, ana afya kuliko ng’ombe wake, na hakuna asiyemjua Ipinda. Neno “marehemu” lilikuwa pale pale kwenye picha, chini ya vidole vyao. Hakuna aliyelijali. Walisoma jina, wakasoma mchele, wakatuma kwa mwingine. Mwanamke mmoja alithubutu kumuuliza Tereza, kwa sauti ya kumpa pole, kama Ambwene ni mume wa pili.

Zubery alikuja mwenyewe. Alifungua gunia mbele ya soko lote, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa, akausugua mchele viganjani akitafuta mafuta. Hakuona kitu. Alijifuta mikono kwa muda mrefu.

“Leo sioni kitu, dada Tereza,” alisema. “Lakini yale ya miaka yote sikuyafungua.”

Akaondoka bila mzigo. Tereza alibaki amesimama akiangalia gunia lililo wazi, na uchungu aliousikia haukuwa wa kumpoteza mteja tu. Kile alichokuwa akijivunia, kwamba gunia lake halifunguliwi, ndicho kilichomnyima ushahidi.

Mtendaji wa kata alimpigia Bryson simu, naye akaja siku ya pili yake, macho mekundu. Waliketi naye sebuleni, Tereza na Ambwene. Bryson aliomba msamaha kabla hajakalia kiti vizuri, akajaribu kueleza, akakwama, akaanza upya.

“Mama, nilitafuta jina la mtu ambaye hakuhojiwa, ili lisimwangukie yeyote niliyezungumza naye. Wewe ulikataa. Nikaona jina lako liko salama. Na ulikuwa umenitendea wema. Nilipenda jina lako liwemo.”

Ambwene akacheka. Hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu. Tereza alimuuliza kijana ni nani basi aliyesema maneno yale.

“Siwezi kumtaja, mama. Nilimwahidi siri, na tulisaini.”

“Na mimi uliniahidi nini?”

Bryson alitazama sakafu. “Wewe hukuhojiwa, mama.”

Kwa haki ya Mungu, alichoweza kukifanya alikifanya. Alikwenda sokoni akasimama katikati ya meza, akatangaza kwamba Tereza wa kwenye ripoti siye Tereza huyu. Waliokuwa hawajasikia habari ile wakaisikia hapo. Waliokwisha kusikia wakaulizana amekula sahani ngapi za wali kwa yule mama kabla ya kumsafisha. Kijana akapanda gari la Mbeya akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye, inasemekana, alifaulu vizuri.

Tereza hakuhitaji kutajiwa mtu. Marehemu, watoto, ningewalisha nini; maneno hayo alikuwa akiyasikia kila siku kutoka meza ya pili, tena kwa mpangilio uleule. Wiki nzima Abigail alijitia hamnazo. Alimsaidia hata kuwalaani wambea. Alipoona Tereza amesimama mbele ya meza yake na haondoki, akaacha kupima mchele.

“Nikisema ni mimi, kesho watoto wangu wanakula nini?” alisema kwa sauti ya chini. “Wewe una mume, dada. Una shamba. Wewe utainuka.”

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli kuhusu watoto. Aliwajua kwa majina, wawili kati yao aliwapokea yeye kwa mikono yake walipozaliwa. Alitamani Abigail angemtukana. Angejua la kufanya na tusi.

Alikwenda Bondeni kumweleza Zubery, akamwonyesha lile neno “marehemu” kwenye simu. Zubery aliliangalia kwa heshima. Akasema amechoka na ugomvi wa meza za Ipinda, na kwamba kati ya watu wote wa kumsukumia lawama, mjane ndiye aliye rahisi zaidi. Aliongeza, bila ubaya, kwamba ameshaanza kuchukua mzigo kwa Abigail. Amenunua bambo, kile kichuma cha kudungia magunia na kuchota mchele wa ndani, na sasa kila gunia analidunga mwenyewe.

Baada ya hapo soko lilimmaliza Tereza polepole. Wateja wa mlo wa jioni walipita mbele ya meza yake wakiangalia upande mwingine, kwa aibu, kama wanaompita mtu anayeoga. Alikaa na ungo mapajani, akaupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Mavuno yakaingia, mazuri kuliko ya miaka mingi. Stoo ikajaa mpaka mlangoni. Madalali wa barabarani walitaja bei ya kumtusi mkulima. Fukusi wakaanza kuonekana. Shule ikamrudisha Lugano nyumbani kufuata ada. Alivaa gamboti akaenda shambani na baba yake, na hilo ndilo lililomvunja mama mgongo.

Ndipo Abigail akaja. Alipiga hodi kwa mlango wa uani, akakaa kwenye kigoda, akazungumza akitazama moto. Bambo la Zubery lilikuwa linamtesa. Mchele wake peke yake haukunukia vya kutosha kulipita. Alihitaji wa Tereza, mwingi, na angeuchukua wote kwa bei inayozidi kidogo ya madalali. Ambwene aliinuka akatoka nje bila kuaga. Tereza aliongeza kuni, ingawa moto ulikuwa unatosha. Akasema sawa.

Waliupeleka kwa mkokoteni. Nyuma ya nyumba ya Abigail turubai lilikuwa limeshatandikwa, na juu yake kilima cha mchele wa kijivu, wenye harufu ya gunia lililonyeshewa. Kando palikuwa na dumu la mafuta ya kula. Watoto walikuwa wamelishwa na kulazwa mchana ili wasikanyage. Abigail alimwaga mafuta kidogo, kwa mkono wa mtu anayejua, kisha wakafungua magunia ya Tereza na harufu yake ikajaa uani kote. Tereza alidhani atakabidhi mzigo na kuondoka. Lakini kuchanganya ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule.

“Shika upande huo, dada,” alisema Abigail.

Tereza aliinama akashika. Walivuta huku, wakavuta kule, mpaka wa kijivu ukapotea ndani ya mweupe, na Tereza, kwa mazoea ya maisha yake yote, akawa anaokota chenga na kuzitupa pembeni. Siku iliyofuata Zubery alidunga kila gunia kwa bambo lake, akanusa, akaridhika, akaupakia mzigo. Mchele wa Tereza ukaenda Bondeni umechanganywa na umepakwa mafuta, kama ilivyoandikwa.